Tukitoka chuoni kwenda sekondari kufundisha kompyuta, siku ya kwanza tuziache mashine kwenye gari

Chaki na Vumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Nafundisha kwenye idara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa nchini. Kila mwaka idara huwatoa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu kwenda shule za sekondari kuwaonjesha wadogo zao sayansi ya kompyuta, na kila mwaka kikao cha maandalizi ni kilekile: tubebe kompyuta ngapi, projekta ya nani, shule ina umeme au tuazime jenereta? Watu hubishana mpaka chai inaisha. Wa kuuliza tunakwenda kufundisha nini hasa huwa hayupo.

Msimamo wangu ni huu. Siku ya kwanza msibebe mashine hata moja. Bebeni wazo moja la sayansi ya kompyuta, lifundisheni mpaka mtoto aweze kumtambia nalo kaka yake jioni, na mwalimu wa pale abaki anaweza kulirudia wiki inayofuata bila nyinyi kuwepo.

Kuna atakayesema hicho ni kisingizio cha wasio na vifaa. Hapana. Njia hii imetoka New Zealand, ambako umeme si tatizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tim Bell, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Canterbury pale Christchurch, aliombwa akaeleze kazi yake kwenye darasa la mtoto wake aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Sasa wewe hebu fikiria kuwaeleza watoto wa umri huo algoriti, yaani hatua za kufuata kutatua jambo, ni kitu gani. Alikwenda na michezo. Baadaye akaungana na Mike Fellows, aliyekuwa chuoni Kanada, na Ian Witten wa Chuo Kikuu cha Waikato, na michezo ikakusanywa kwa jina la CS Unplugged. Leo ipo bure mtandaoni na imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Inatumika kwenye nchi zenye maabara za kompyuta kila shule, kwa sababu moja tu: inafundisha.

Mashine siku ya kwanza zinafanya nini? Nusu ya muda inakwenda kwenye kuziwasha, nywila na betri zilizokufa. Mmoja anashika kipanya, wanne wanachungulia. Yule ambaye nyumbani kuna kompyuta anageuka mfalme wa meza, na wenzake wanaondoka na somo moja kubwa, kwamba haya mambo yana wenyewe. Tena walichojifunza ni wapi pa kubofya, kitu ambacho toleo jipya la programu litakifuta.

Nitoe mfano wa mchezo mmoja kamili ili tusibishane hewani. Kule asili wanatumia kadi. Sisi tunatumia vizibo vya soda, havinunuliwi.

Uwe na vizibo 36. Mwite mwanafunzi apange 25 mezani, mistari 5 ya kulala na safu 5 za kusimama, vingine chali vingine kifudifudi, kama moyo wake unavyomtuma. Vitazame kidogo, kisha sema kwa maringo: "Hii rahisi mno, ngoja niongeze ugumu." Ongeza kizibo kimoja mwisho wa kila mstari, kimoja chini ya kila safu, na kimoja pale kwenye kona. Sasa ni 6 kwa 6. Darasa litadhani unaongeza ovyo. Kumbe unahakikisha kila mstari na kila safu ina vizibo chali vya idadi shufwa: 0, 2, 4 au 6.

Geukia ukuta. Mmoja ageuze kizibo kimoja tu, wengine wote washuhudie. Rudi, tazama, nyoosha kidole: "Ni hiki." Watapiga kelele. Watasema kuna mwenzao aliyekukonyeza, watataka urudie ukiwa nje ya mlango. Rudia. Ulichofanya ni kutafuta mstari mmoja uliogeuka witiri na safu moja iliyogeuka witiri. Vinapokutana ndipo mhalifu alipo.

Halafu usiwaambie siri. Hapa vijana wetu wa chuo huwa wanaharibu, wanashindwa kunyamaza. Waache darasa lihangaike, kuna mtu ataona. Akishaona, mpe yeye nafasi ya mwalimu arudie mbele ya wenzake. Ndipo uwaeleze kwamba picha inayotumwa kwa simu nayo ni msururu wa chali na kifudifudi, njiani baadhi hugeuka kwa bahati mbaya, na simu inayopokea hutambua kwa kanuni za ukoo huuhuu, japo za kisasa ni tata zaidi. Richard Hamming wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu kule Marekani, alichapisha kanuni zake za kusahihisha makosa mwaka 1950, na kilichomsukuma ni hasira: alikuwa akiacha kazi kwenye mashine wikendi, mashine inakuta kosa, inaitupa kazi yake na kushika nyingine. Kama mashine inajua kuna kosa, kwa nini isijue lilipo?

Mwanafunzi mkali atauliza kizibo cha kona kinafuata mstari au safu. Jibu ni kwamba mstari na safu hukubaliana siku zote. Kwa nini, mwachie aende nalo nyumbani.

Karibuni tujadili.

---

Fundi Simu Mtaa wa Pili

Mkuu, kwa heshima zote, vizibo tumevichezea drafti tangu wadogo na hatukuwa mainjinia. Kuna watoto wanamaliza kidato cha nne hawajawahi kushika kibodi. Chuo kina mashine, kinakuja shuleni, halafu kinawapa vizibo? Mtoto wa mjini anaandika programu, wa kijijini anahesabu vizibo. Huoni unazidi kuwaacha nyuma?

---

Chaki na Vumbi

Fundi, swali lako ndilo zito kuliko yote na sitalikwepa.

Sisemi mashine zisifike. Nasema zisitangulie. Mkija mara ya pili na mashine mkafungua Scratch, ile programu ya vipande vya rangi iliyotolewa na maabara ya MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, mwaka 2007, mtoto aliyeshinda mchezo wa vizibo anakaa kwenye kiti akiwa na jambo la kuiambia kompyuta. Asiyeushinda anakaa akisubiri kompyuta imwambie yeye.

Na usidhani mashine peke yake inaziba pengo. Chuo Kikuu cha Cambridge, katikati ya miaka ya 2000, waliona waombaji wa kusoma kompyuta wanapungua, na wanaokuja wana mazoea machache ya kuandika programu kuliko wa miaka ya 1990. Wale wa zamani walikulia na kompyuta ndogo za nyumbani ambazo ukiziwasha zinakusubiri uandike amri. Eben Upton na wenzake wakaamua kutengeneza kompyuta ndogo ya bei nafuu ya kuirudisha hali ile, ndiyo Raspberry Pi iliyotoka Februari 2012, dola 35. Kifaa kizuri, mimi mwenyewe ninacho. Lakini nacho kinataka skrini, kibodi, umeme, na mtu wa kukaa na mtoto anapokwama. Uingereza somo lenyewe la kompyuta lilibadilika kwenye mtaala mwaka 2014, na nyuma yake kulikuwa na mtandao wa walimu na wahadhiri, Computing At School, ulioanza 2008 na kujengwa mtu kwa mtu. Kifaa kiliuzwa kwa mamilioni, lakini kuingia darasani bado kulimhitaji mwalimu.

Wewe unayefungua simu unajua zaidi yangu: kijana anayekuja kujifunza kwako, wa kukusumbua ni yule asiyejua kushika bisibisi, au yule asiyeuliza kwa nini simu haiwaki?

---

Fundi Simu Mtaa wa Pili

Hapo kwa bisibisi umenikamata 😂. Asiyeuliza. Huyo namrudisha kwao wiki ya kwanza. Ila kwenye mashine bado sijakubali, nasoma tu.

---

Mwalimu Hesabu

Salaam wote. Nafundisha Hisabati shule ya kata, mkoa nauhifadhi. Nina darasa la watoto zaidi ya 70.

Vijana wa chuo walishatutembelea. Fulana zinafanana, bango kubwa, roboti dogo likazungushwa mezani likawa linakwepa vitabu. Watoto walifurahi kweli, na mimi nilifurahi. Zikapigwa picha, tukaagana. Jumatatu mtoto ananiuliza: "Mwalimu, lile roboti lilijuaje kuna kitabu mbele?" Nani wa kumjibu? Walioleta roboti wako mbali, namba waliyotuachia haipokelewi.

Kwa hiyo hoja ya mwalimu kubaki na kitu naiunga mkono kwa mikono miwili. Maswali yangu mawili. Watoto 70 unawachezeshaje? Na mna kitu kinachoingia kwenye kipindi pacha, dakika 80, ambacho mimi wa Hisabati nitakisimamia bila kujifanya mtaalamu?

---

Chaki na Vumbi

Mwalimu, heshima yako. Hilo la roboti linaniuma kwa sababu nimeliona mara nyingi. Roboti lilikuja kwa ajili ya picha.

Kwa darasa la 70 tokeni nje. Chora uwanjani kwa chokaa au majivu njia 6 zinazokwenda sambamba, mfano wa njia za wakimbiaji, uzipe namba 1 hadi 6 kutoka kushoto. Watoto 6 wasimame mwanzoni, kila mmoja ameshika karatasi yenye namba yoyote, wamevurugika. Wanakwenda kwa hatua 5. Katika kila hatua jozi ulizozitaja zinakutana, wanalinganisha karatasi, mwenye namba ndogo anashika njia ya kushoto kati ya zile mbili, mwenye kubwa ya kulia. Wasiotajwa wanasonga mbele kwenye njia zao.

Hatua ya 1: njia ya 1 na 6, ya 2 na 4, ya 3 na 5.
Hatua ya 2: ya 2 na 3, ya 4 na 5.
Hatua ya 3: ya 1 na 4, ya 3 na 6.
Hatua ya 4: ya 1 na 2, ya 3 na 4, ya 5 na 6.
Hatua ya 5: ya 2 na 3, ya 4 na 5.

Wakifika mwisho wamepangika kutoka ndogo hadi kubwa. Wavuruge utakavyo, watatoka wamepangika. Wape majina badala ya namba, wapangike kwa herufi. Wape tarehe za kuzaliwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyeona picha nzima, kila mtu alimtazama mwenzake mmoja tu kwa wakati. Hilo ndilo linalowashangaza, na ndilo la kuwauliza.

Hesabu mikutano, ni 12. Lakini kwa kuwa jozi zinakutana kwa pamoja, muda uliotumika ni wa hatua 5. Hapo umefundisha kwa nini watu wanatengeneza mashine zenye vichakato vingi, zile sehemu za kompyuta zinazopiga hesabu, vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, na hukutaja neno kichakato. Michoro 4 uwanjani inachukua watoto 24 kwa mkupuo, mkupuo mmoja hauzidi dakika chache, wanaosubiri ni waamuzi wa kukamata waliokosea njia. Halafu futa mkutano mmoja wowote kwenye mchoro, uwaambie watafute mpangilio wa mwanzo utakaoshindikana. Hapo wale wanaojifanya wameshamaliza watakaa kimya muda mrefu.

Kipindi kikibaki, rudini darasani na orodha ya mahudhurio. Mtoto achague jina moja kimoyomoyo, wengine waulize maswali ya ndiyo na hapana. Wakianza kutaja majina mojamoja, waache wachoke. Kisha onyesha njia ya kukata orodha katikati: "Liko nusu ya juu?" Majina 63, maswali 6 yanatosha. Shule ya watoto 1,000, maswali 10. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Wapange wote kwa herufi, uulize maswali 26, umempata mtu wako. Watoto hawaamini mpaka wazidishe mbili kwa mbili wenyewe ubaoni, na hapo umeshafundisha vipeo, ambavyo ni mali yako mwalimu wa Hisabati.

---

Jirani wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Nimeusoma uzi wote nikaona niongeze sauti kutoka upande huu wa mpaka.

Kenya tulianza na vifaa. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa tabuleti kwa watoto wa darasa la kwanza, na vyuo vikuu viliingia kwa upande wa uundaji: Jomo Kenyatta wa kilimo na teknolojia, na Moi, kila kimoja kikiwa na kampuni mshirika. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ikaidhinisha masomo ya kuandika programu kwa shule. Na kabla ya hayo yote, somo la kompyuta kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, lilikuwa na karatasi ya tatu ambayo ni mradi, mtahiniwa ajenge mfumo wake.

Nitakuambia jambo ambalo huenda hutalipenda. Shule niliyosoma, jina nalihifadhi, kilichofanya maabara ifunguliwe ni ile karatasi ya tatu. Bila mtihani mwalimu mkuu hatoi kipindi, hata umletee malaika. Hizo njia za majivu ni tamu, lakini mwezi wa tatu wakiwa nyuma kwenye silabasi nani atawapa uwanja?

---

Chaki na Vumbi

Jirani, karibu. Na huku mtihani upo, somo la kompyuta linatahiniwa na NECTA kidato cha nne, na kidato cha tano kuna tahasusi ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta. Sijakataa kwamba mtihani unasukuma. Ninachoogopa ni mtihani ukifika kabla ya udadisi: watoto wanakariri sehemu za kompyuta kama wanavyokariri majina ya maziwa, wanafaulu, na chuoni mwaka wa kwanza wananikimbia wiki ya pili.

Kuna njia ya katikati. Lithuania mwaka 2004 Valentina Dagienė wa Chuo Kikuu cha Vilnius alianzisha shindano linaloitwa Bebras, jina la yule mnyama anayejenga mabwawa kwa magogo. Ni mafumbo mafupi, kila moja dakika chache, hayahitaji kujua kuandika programu wala istilahi. Limeenea nchi nyingi. Mkuu wa shule ambaye hatoi kipindi cha michezo atatoa kipindi cha mashindano, maana mashindano yana cheti, na cheti kinabandikwa ofisini. Tumjue tunayeongea naye.

Na suala la muda. Vyuo huwa tunakwenda tukipata nafasi sisi, mara nyingi Septemba na Oktoba, wakati mwalimu ana mitihani ya Novemba ya kidato cha pili na cha nne shingoni. Halafu tunalalamika kwamba shule haikutupokea vizuri! Nendeni Februari au Machi. Julai pia, shule zikishafunguliwa. Barua ipite kwa afisa elimu mapema, siyo asubuhi ya safari.

---

Dada wa Mwaka wa Nne

Shikamooni wakubwa. Mimi niko upande wa pili wa uzi huu, ni mwanafunzi, nimewahi kuwa kwenye hayo mabasi ya kwenda shuleni. Nina mambo yangu.

Kwanza, acheni kuanza kwa "Nani hapa ameshawahi kutumia kompyuta? Nyoosha mkono." Mmeshaligawa darasa kabla ya kusema jina lenu. Wavulana watatu wananyoosha, mnawaita mbele wasaidie, wasichana wote wanajua siku imekwisha.

Pili, nani anashika chaki? Kwenye safari zetu wavulana walifundisha, sisi tukagawa maji na kuandika mahudhurio. Mtoto wa kike aliyekaa nyuma haangalii mnachosema kuhusu usawa, anaangalia hilo.

Tatu, msidhani ni mambo ya kipaji. Chuo cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, mwaka 1995 wasichana walikuwa asilimia 7 ya walioingia mwaka wa kwanza wa kompyuta. Mwaka 2000 wakawa asilimia 42. Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi miaka kadhaa, wavulana kwa wasichana, wakaona wengi walikuwa wanatafsiri kutozoea kuwa kutoweza. Chuo kikaacha kuwapendelea waombaji walioanza programu utotoni, kikafungua madarasa ya kuanzia yanayotofautiana kwa uzoefu, na wakati wa likizo kikawafunza walimu wa sekondari wa somo hilo. Walimu, wakuu. Hata wao walimwendea mwalimu.

Ndiyo maana vizibo navipenda: hakuna mtoto aliyewahi kuvitumia hivyo nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kujidai. Ila kuna mchezo mmoja wa kuhesabu kwa vidole, kila kidole na thamani yake kuanzia gumba, 1, 2, 4, 8, 16, unajumlisha vilivyosimama, mkono mmoja unafika 31. Darasa likifika namba 4 angalieni kidole kitakachosimama peke yake. Kwenye shule yenye masista tulipata shida kidogo.

---

Chaki na Vumbi

😂😂 Namba 4 sasa tunaisema kwa mdomo, hatuioneshi.

Dada, la kwanza na la pili nayachukua yakawe sharti kwenye kikao kijacho. Anayefundisha na anayegawa maji wapangwe kwa kura.

---

Mzee wa Drafti

Nimevijaribu vizibo na wajukuu, vinafanya kazi, nimepata heshima mpya nyumbani. Lakini kuna katukutu kamoja kamegeuza viwili kwa siri, nikaaibika. Mtaalamu unasemaje?

---

Chaki na Vumbi

Mzee, shikamoo. Huyo katukutu mleteni chuoni.

Akigeuza viwili kwenye mstari mmoja, mistari yote itabaki shufwa ila safu mbili zitakuwa witiri. Utajua kuna udanganyifu na utajua safu, mstari hutaujua. Akigeuza viwili vilivyo mistari tofauti na safu tofauti, utaona mistari miwili na safu mbili mbovu, zinakutana mahali panne, na huwezi kusema ni jozi ipi ya pembe zinazotazamana. Lakini hutadanganyika: mwambie "umegeuza zaidi ya kimoja", heshima inarudi.

Cha hatari ni vitatu kwenye pembe tatu za mstatili. Hapo mstari mmoja tu na safu moja tu vitaharibika, nawe kwa ujasiri wote utanyoosha kidole kwenye pembe ya nne, ambayo haikuguswa. Na akigeuza pembe zote nne, hutaona kitu kabisa.

Wakifika hapo wape hii ya pili, inayotumia vitu vya dukani. Chukua pakiti yoyote yenye vile vistari vyeusi na namba 13 chini yake. Jumlisha namba za nafasi ya 1, 3, 5 mpaka ya 13. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6 mpaka ya 12, uzidishe kwa 3. Jumla ya yote lazima igawanyike kwa 10. Mfano wa kubuni: 6201234567893. Nafasi za witiri ni 6+0+2+4+6+8+3, jumla 29. Za shufwa ni 2+1+3+5+7+9, jumla 27, mara 3 ni 81. 81 na 29 ni 110. Inagawanyika. Namba ya mwisho, ile 3, ndiyo kizibo chako cha ziada. Na zikianza na 620 zimesajiliwa Tanzania, 616 ni Kenya.

Kosa la tarakimu moja hukamatwa lote. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, nyingi hukamatwa, isipokuwa zikitofautiana kwa 5: 1 na 6, 2 na 7, na wenzao. Sababu waachieni watoto.

---

Mwalimu Hesabu

Nimeanzia nyumbani leo. Majani ya chai imekubali, daftari limekubali, kitabu cha kiada nacho kina namba 13 nyuma, kimekubali. Dawa ya meno ikakataa, kijana wangu akaanza kushangilia kwamba kiwanda kimekosea. Tukarudia kusoma pamoja: aliandika 1 palipokuwa na 7. Sasa amekusanya pakiti zote jikoni, mama yake analalamika.

Wiki ijayo napeleka kidato cha pili. Vizibo nimeshaagiza kwa mwenye duka wa hapa jirani. Mkuu, mkitaka kuja Februari, shule yetu ina uwanja wa kutosha michoro 6 na hatuna umeme siku za mvua. Nikuandikie wapi?

---

Chaki na Vumbi

Mwalimu, nimekutumia ujumbe wa ndani. Tukija, kipindi cha kwanza unafundisha wewe, vijana wangu wanakaa nyuma na watoto. Cha pili watafundisha wao. Fundi Simu, nafasi ya gari ipo kama unataka kuja kubisha ana kwa ana, na ukija beba simu mbovu chache tuzifungue mbele ya watoto mchana.

---

Fundi Simu Mtaa wa Pili

Nipo. Nabeba na kompyuta yangu, mtake msitake.